Theluji ya Kilimanjaro na Bwana Aliyebisha

Ninyi mlioketi darasani Maretadu, na ninyi wa mahali pengine, fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia.

Watu wa Maretadu hawana haja ya kufundishwa maana ya baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai upepo wa milima ya Mbulu hupenya blanketi, na asubuhi vidole huona taabu kushika kalamu. Lakini theluji ni jambo jingine. Theluji ni maji yaliyoganda angani, yakaanguka vipande vidogo vyeupe, laini. Katika nchi za Ulaya huweza kuanguka juma zima, ikafunika njia na mapaa. Hapa kwetu iko juu ya Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai, karibu na Mombasa, kwenda nchi ya Wachagga. Tarehe 11 Mei, asubuhi, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake wa njia. Yule akajibu kwamba weupe ule haujui, ila anadhani ni baridi. Rebmann alizaliwa katika nchi ya theluji; akafahamu mara moja.

Baadaye alisimuliwa kwamba zamani mangi mmoja alituma watu wapande wakakitazame kitu kile. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika. Basi wenyeji walikuwa wameijua baridi ile, tena kwa kupoteza watu.

Habari ya Rebmann ilipigwa chapa Uingereza mwaka 1849. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia, akaikataa. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani! Cooley hakufika Afrika hata siku moja. Wala hakutia maanani kwamba mtu akipanda mita 1,000, baridi huzidi kwa nyuzi sita hivi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda kupita mita 4,000, akaangukiwa na theluji. Cooley bado alibisha.

Tazameni jambo hili. Kiongozi wa njia alisema neno moja, nalo lilikuwa kweli. Bwana mwenye vitabu vingi aliandika maneno mengi, nayo yalikuwa uongo. Kwa hiyo mkisoma, ulizeni: mwandishi huyu alikiona anachokisema?

Lakini neno la yule kiongozi tunalo leo kwa sababu Rebmann aliliandika. Yale ambayo hayakuandikwa yamepotea pamoja na wenyewe.

Tena barafu ya Kilimanjaro inakwisha. Kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa sehemu 85 katika kila 100. Huenda wajukuu wenu wakabisha kama Cooley, wakisema theluji haikuwako kamwe. Nani atawajibu?

Kazi ya nyumbani: mwulizeni mzee mmoja habari ya baridi kali au mvua ya mawe anayoikumbuka. Iliharibu nini? Watu walifanyaje? Andikeni mistari mitano. Msisahau kuandika jina lake na mwaka.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.