Kumuuguza Mgonjwa Nyumbani: Kutoka Madina Hadi Buyenzi



Ndugu zetu katika imani, kina baba, kina mama na wanafunzi, leo tunaizungumzia kazi inayofanywa karibu katika kila nyumba, lakini ni wachache wanaoihesabu kuwa ni kazi: kumuuguza mgonjwa nyumbani kwake.

Historia yake kwetu ni ya zamani. Mwaka wa 2 Hijria (624 Miladia), Waislamu walipotoka kwenda Badri, Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alibaki Madina. Mkewe Bibi Ruqayya (R.A.), binti ya Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwambia abaki amuuguze. Bibi Ruqayya alifariki kwa ugonjwa ule. Hata hivyo Uthman alipewa fungu lake la ngawira na kuahidiwa ujira kama waliohudhuria vita. Tuzingatie hapo: aliyekaa na mgonjwa alipata sawa na aliyeshika upanga.

Mwaka wa 5 Hijria, katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa, Mtume aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili aweze kumtembelea kwa karibu. Vitabu vya sira vinamtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyewatibu majeruhi.

Sasa tuje kwetu Bujumbura. Vita vilianza Oktoba 1993, na Machi 1995 mapigano yalifika Bwiza na Buyenzi. Hospitali ya Prince Régent Charles ipo hapa hapa Buyenzi, lakini siku za risasi hata mtaa mmoja ni safari ndefu kwa mgonjwa. Wakati huo huo ukimwi ulikuwa ukiua, na aibu ikiua pamoja nao. Wagonjwa walifichwa vyumba vya nyuma, sahani zao zikatengwa.

Mwaka huo wa 1993 Bi Jeanne Gapiya-Niyonzima, aliyefiwa na mume na mtoto kwa ugonjwa huo, alianzisha chama cha ANSS. Ndiye Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kuwa ana virusi. Mwaka 1999 chama kilifungua kituo cha Turiho, neno la Kirundi lenye maana ya "tupo hai". Kazi yao haikuishia kituoni, kwani wagonjwa walitembelewa majumbani. Yeye si Muislamu, lakini alilolifanya tunalitambua: kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu.

Tunajifunza nini? Kwanza, mgonjwa ndiye mwenye nyumba. Aulizwe anataka kuoga saa ngapi, anapenda uji au chai, nani amwogeshe. Mwanamke asitiriwe na mwanamke mwenzake, mwanamume na mwanamume mwenzake. Asaidiwe kutayammam na kuelekea Kibla asiyeweza kugusa maji. Asisemewe kana kwamba hayupo.

Pili, kazi hii inataka mpango. Pawe na daftari la dawa na saa zake, zamu zinazojulikana, na mtu mmoja wa kuulizwa. Siri ya mgonjwa isitoke mlangoni.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, muuguzaji naye ana haki. Leo, Alhamdulillahi, wenye virusi wanapata dawa na wanaishi, lakini vitanda vya nyumbani vina wazee wenye kiharusi na sukari. Mara nyingi tunafanya nini? Tunamtoa binti shule amkalie bibi, au tunamwachia mke wa mtoto peke yake usiku na mchana, kisha tunamwambia atapata thawabu. Thawabu ni kwa Mwenyezi Mungu, lakini Uthman alipewa thawabu na fungu pia. Basi ndugu walio Ulaya na Oman watume fedha, walio mtaani washike zamu, na mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Binti arudi shule.

Tunaomba kila familia ikae wiki hii iliulize jambo hili: kwetu nani anauguza, na nani anampumzisha?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalipe wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.