Jasusi Asiye na Bastola

Vijana wa Temeke na Kinondoni tumemjua jasusi kupitia Willy Gamba wa Elvis Musiba: ngumi, bastola, vimwana. Mimi nawaletea wa kweli. Augustine Mahiga, mtu wa Iringa, alipata shahada ya udaktari Toronto mwaka 1975, akafundisha Mlimani, kisha akachukuliwa serikalini. 1980 hadi 1983 akaongoza Usalama wa Taifa. Halafu ubalozi: Ottawa, Geneva, New York.

Kinachonikuna mimi ni Somalia. Ofisi ya kisiasa ya Umoja wa Mataifa ilijichimbia Nairobi miaka 17. Januari 2012 Mahiga, mzee wa miaka 66, akaihamishia Mogadishu, kwenye mabomu yenyewe. (Gamba angeomba likizo!) Agosti hiyohiyo wabunge wapya wakaapishwa, palepale uwanja wa ndege.