Jinsi ya kushusha pikipiki ya kale upande wa mbele

Wapenzi wa pikipiki za kale, mathalani Honda CB750 iliyozinduliwa mwaka wa 1969, aghalabu huziinamisha mbele zifanane na za mashindano. Njia nyepesi ni kuinua gurudumu la mbele kwa jeki, kulegeza bolti zinazobana foki mbili, kisha kuzisukuma foki hizo juu kwa milimita 10 hadi 20, zote kwa kipimo kimoja.

Hatari imo katika milimita hizo chache. Foki zikipanda, pembe ya usukani husimama wima zaidi. Pikipiki hukata kona upesi, lakini usukani huweza kutikisika vibaya ikienda kasi. Isitoshe, gurudumu husogelea fremu na bomba la moshi. Kwa hiyo, kabla ya kuingia barabarani, ondoa springi, bonyeza foki hadi mwisho, na uhakikishe kwamba madigadi haigusi chochote.

Anayetaka kushusha zaidi hana budi kuzifungua foki na kuzifupisha kwa ndani. Hilo hupunguza mwendo wa springi, na kwenye mashimo mpandaji ataujua upungufu huo viganjani. Kukata springi bila kipimo, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, ni uharibifu mtupu.