Bluetooth ilivyofika Mwanza, na kwa nini hugoma simu ikichakachuliwa

Najua nimekuwa kimya, mambo ya tests mnayajua wenyewe. Leo siandiki kuhusu maji kukatika wala ubishi wa vitanda hosteli. Kuna swali limezunguka hapa Malimbe wiki nzima: kwa nini simu ikishabadilishwa mfumo, kamera inapiga, laini inasoma, wifi inakamata, ila Bluetooth inagoma? Unaiwasha, kitufe kinakaa sekunde mbili, kinajizima chenyewe. Mimi nasoma historia, sio kompyuta, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa historia. Tuanze mbali kidogo, mnivumilie.

Mwaka 1994 kampuni ya Ericsson, pale Lund nchini Uswidi, ilianza kutafuta njia ya kuunganisha simu na vifaa vyake bila waya. Mholanzi Jaap Haartsen ndiye anayetajwa zaidi kwenye kazi hiyo. Mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel akapendekeza jina la muda tu, la mfalme Harald wa Denmaki wa karne ya 10, ambaye jina lake la utani lilikuwa "jino la buluu". Harald anakumbukwa kwa kuunganisha watu wa kule, ndiyo ikaonekana linafaa. Jina la muda likakataa kuondoka. Hata ile alama yake ni herufi mbili za kale za Waskandinavia, H na B, zimebebana. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba wakaunda umoja wa kuisimamia.

Inavyofanya kazi ni hivi: inatumia masafa ya 2.4 GHz, na ili isigongane na wengine inarukaruka kwenye chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde. Kwenye simu inafika kama mita 10. Mita 10 kwenye ofisi ya Ulaya si kitu, ila kwenye daladala ya Nyegezi hiyo ni gari nzima pamoja na konda anayening'inia mlangoni.

Na hapo ndipo Mwanza inapoingia. Kaka yangu mkubwa ananisimulia kwamba kabla ya Bluetooth kulikuwa na infraredi, mnalaza simu mbili mezani vichwa vikiangaliana, na ole wako uguse meza! Bluetooth ilipokuja kwenye simu za kawaida, miaka ya 2000 katikati, ukawa ukombozi. Kumbukeni mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea satelaiti, ghali na ya kobe, na nani angepakua wimbo kwa vocha? Wimbo mmoja wa Bongo Flava wenye MB 4 ulichukua dakika moja na ushee kwa Bluetooth ya zamani, bila senti tano. "Nirushie" likawa neno la kila siku. Mtu mmoja akitoka Dar na nyimbo mpya kwenye memori kadi, kufika jioni ziko Igoma, ziko Kirumba mwaloni, na kesho yake zinavuka na feri ya Kamanga kwenda upande wa Sengerema. Meli ya Ukerewe ndiyo ilikuwa na raha yake, maana masaa kama matatu majini mnatosha kubadilishana kila kitu. Ukiwasha tu unaona majina ya abiria yamejipanga: Mtoto wa Mjini, Usiniguse, Mchungaji. Historia ya muziki wetu ikiandikwa bila kutaja Bluetooth mimi sitaisoma.

Lakini njia ikiwa wazi kila mtu anapita, na mwizi pia. Mwaka 2004 kilijitokeza kirusi cha Cabir, kilichoruka kutoka simu hadi simu za Symbian kwa njia hiyohiyo ya Bluetooth. Hakikuiba kitu, kilimaliza betri tu kwa kutafuta simu nyingine muda wote. Mwaka uliofuata akaja Commwarrior, huyo alitumia na MMS, maana yake alikula salio. Kuanzia 2006 simu mpya za S60 za Nokia zikadai programu iwe na saini ndipo iingie, na vijana nao wakaanza kutafuta namna ya kuruka ukuta. Utaona mchezo ni uleule tangu zamani: mwenye kiwanda anafunga, mwenye simu anafungua.

iPhone ilipotoka 2007 ilikuja na Bluetooth isiyoruhusu kumrushia mwenzako wimbo! Ya earphone tu. Mnaweza kufikiria kicheko. Simu ya bei ya ng'ombe kadhaa na haiwezi kufanya kazi ya Nokia ya mtumba. Wenye nazo wakaifungua kwa nguvu, na kupitia Cydia, duka la Jay Freeman lililoanza 2008, wakaweka programu za kurusha mafaili. Ila programu hizo ziliingilia mambo ya ndani kabisa, na ungeweza kupata kurusha ukakosa earphone. Ugonjwa tunaouongelea leo una ukoo mrefu.

Sasa Android, hapa ndipo penye nyama. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilitoka 2008, na 2009 Steve Kondik akaanzisha CyanogenMod, mfumo wa nje uliotengenezwa na watu wa kujitolea. Ulikufa Desemba 2016, LineageOS ikaurithi. Kwa nini Bluetooth ndiyo iliumia zaidi? Kwa sababu mfumo wenyewe uko wazi, lakini chipu ya Bluetooth siyo. Chipu nyingi za Broadcom, kwa mfano, zinapoamka hazijui kitu, lazima zilishwe faili dogo lenye mwisho wa .hcd ndipo zipate akili. Faili hilo ni mali ya mtengenezaji. Ukibadilisha mfumo na faili halipo, au lipo la simu nyingine, chipu inabaki imelala, na kitufe kinarudi chenyewe.

Halafu Novemba 2012 Google wakatoa Android 4.2 na kubadilisha mtambo wote wa Bluetooth. Ule wa zamani, BlueZ, ukatupwa, ukaingia Bluedroid waliotengeneza na Broadcom. Hata simu za Google zenyewe zililalamikiwa, muziki ukakatakata kwenye spika. Sembuse simu ambazo kiwanda kilishaziacha! Wale wa kujitolea walibaki na simu zenye viungo vya mtambo wa zamani na mfumo unaodai viungo vya mtambo mpya. Ndiyo maana matangazo mengi ya mifumo ya nje ya miaka ile yalikuwa na orodha: vinavyofanya kazi, vyote, visivyofanya kazi, Bluetooth. Mwaka 2017 Android 8 ilitenganisha sehemu ya mtengenezaji na sehemu ya Google, ili mfumo mmoja uingie simu nyingi. Ilisaidia sana, ila Bluetooth imeendelea kuwa mtoto mkorofi: inaunganishwa vizuri, halafu sauti haitoki.

Niwaambie kwa nini nimechimba yote haya. Kuna mwenzetu kwenye kozi haoni. Simu yake inamsomea maandishi kwa sauti, na anaandika kwa kibodi ndogo ya Bluetooth. Haraka kuliko mimi, wallahi. Simu ikawa nzito, fundi mmoja mjini akamwekea mfumo wa nje "iwe nyepesi". Ikawa nyepesi kweli, na kibodi ikafa. Ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu alikuwa na kazi ya kukusanya. Siku mbili akawa anatusomesha sisi tuandike, yeye anataja, sisi tunakosea. Mtu aliyezoea kujiandikia mwenyewe hilo linamkera, na ana haki.

Tukaanza na swali moja: ugonjwa gani? Maana kuna miwili. Tukabonyeza *#06#, IMEI zote mbili zikaonekana. Wifi ikaonyesha majina ya kawaida. Kwa hiyo sio ule mkubwa (nitaueleza). Tukafuta vifaa vilivyowahi kuunganishwa, tukarudisha mipangilio ya mitandao kama ilivyotoka kiwandani, haikusaidia. Tukafuta data za programu ya Bluetooth yenyewe, wapi. Tukaingia chaguo za wasanidi, tukazima ule mzigo wa sauti unaobebwa na chipu, ingawa mimi niliona haihusiki, maana hiyo hutibu sauti, na yeye hata kuwasha haiwashi. Jioni tukakubaliana kwamba viungo vya chipu havilingani na mfumo. Dawa ilikuwa kurudisha mfumo wa kiwanda wa modeli ileile, herufi kwa herufi, kwani simu mbili za jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Bando liliteketea, wacha tu. Jumamosi saa nne usiku Bluetooth ikawaka, kibodi ikashika. Simu ikarudi nzito kama zamani, jamaa akasema uzito haumsumbui tena.

Mafundi siwalaumu wote. Makoroboi pale mjini pameitwa hivyo kwa taa za mafuta zilizokuwa zikitengenezwa kwa makopo, yaani kugeuza kitu kiwe kingine ni kazi ya zamani ya mji huu. Shida ni fundi asiyechukua nakala kabla ya kugusa.

Na hapo ndipo unakuja ugonjwa mkubwa. Simu nyingi za bei yetu zina chipu za MediaTek, na ndani yake kuna sehemu inaitwa NVRAM inayotunza IMEI, anwani ya wifi na anwani ya Bluetooth. Fundi akifuta kila kitu, sehemu hiyo nayo inaondoka. Dalili yake: kwenye orodha ya wifi linatokea jina la ajabu, NVRAM WARNING: Err = 0x10. Simu nyingine huwasha Bluetooth kwa anwani ya kubuni, nyingine hukataa, na IMEI inakuwa tupu. Kuna mafundi huandika IMEI ya simu nyingine hapo. Usikubali! Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inaifanya kuchezea IMEI kuwa kosa, na tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye namba bandia nchi nzima. Nakala ya NVRAM ni faili dogo tu, linakaa hata kwenye flashi kuukuu. Mwambie fundi akupe kabla hajaanza, na ukae hapohapo kwenye benchi mpaka uione.