Vibarua wa Kilindini na Mgomo wa 1947

Ili kuelewa kwa nini mji mzima wa Mombasa ulisimama mnamo Januari 1947, yafaa kwanza kuelewa kazi ya bandari ilivyokuwa. Meli kadhaa zikitia nanga siku moja, mamia ya watu wa kubeba magunia walihitajika kwa pamoja. Gati zikiwa tupu, hakuhitajika mtu. Kampuni za kupakia na kupakua mizigo ziliona hasara kumlipa mtu mshahara wa mwezi ilhali kazi huja na kuondoka, kwa hiyo zikawategemea vibarua. Mtu alifika langoni alfajiri, serahangi, yaani msimamizi wa vibarua, akamchagua au akamwacha, na aliyechaguliwa alibeba mizigo hadi zamu iishe, akapokea ujira wake na kwenda zake. Siku iliyofuata mwajiri hakuwa na deni kwake, wala yeye hakuwa na deni kwa mwajiri.

Waingereza waliukuta mtindo huu umekwisha kuwapo. Zama za utumwa, wenye watumwa wa mjini waliwatoa kufanya kazi za siku kwa watu wengine, na ujira ukagawanywa kati ya bwana na mtumwa. Utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, bwana alitoka katika hesabu hiyo, lakini kazi ya siku ikabaki. Bandari ya Kilindini ilipopanuliwa katika miaka ya 1920, mtindo huo ukawa ndio utaratibu wa kazi gatini.

Ni rahisi kumwona kibarua huyo kuwa mnyonge tu, na kweli hakuwa na uhakika wa chakula cha kesho. Hata hivyo, alikuwa na kitu ambacho karani au mfanyakazi wa reli hakuwa nacho. Mwenye shamba huko Rabai au Kwale aliweza kubeba magunia siku kadhaa, kisha akarudi kulima, na waajiri walinung'unika miaka nenda miaka rudi kwamba watu wao hawafiki kazini kila siku. Tena, vitisho vya kufukuzwa havimwingii mtu ambaye hukoma kuajiriwa kila jua linapotua. Mfumo ulioundwa ili kumpunguzia mwajiri gharama ulimnyang'anya pia fimbo yake kuu.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 1939 wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali waligoma wakidai posho ya nyumba, na mgomo ukasambaa hadi kwa wengine, wakiwemo vibarua wa bandari. Tume ikaundwa na ripoti ikaandikwa. Kisha vikaja vita, na bei za vyakula na nguo zikapanda kuliko mishahara. Watu wa bara walimiminika mjini, na katika nyumba za mtaa wa Majengo, ambazo zilipangishwa chumba kwa chumba, waliishi kwa kubanana. Kamati nyingine, iliyoongozwa na Arthur Phillips, ilikiri mwaka 1945 kwamba mjini humo kulikuwa kumezaliwa tabaka la wafanyakazi ambalo sera za zamani hazikulitambua. Ripoti zote mbili zilikuwa na ukweli mwingi ndani yake, ila ukweli ulioandikwa katika karatasi za serikali haupunguzi kodi ya chumba.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma: wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na watumishi wa majumbani. Kila siku walikusanyika katika uwanja mmoja wa mpira, wakaupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo kuli wa gati alisimama bega kwa bega na mpishi wa mzungu na karani, jambo ambalo waajiri hawakulizoea, kwani kila mmoja wao alijua kuzungumza na watu wake peke yao. Msemaji aliyepata jina kubwa ni Chege Kibachia, kijana msomi kutoka Kiambu, na chama chao kikaja kuitwa African Workers' Federation. Walidai malipo sawa kwa kazi sawa bila kujali rangi, posho kwa wake na watoto, na mishahara inayolingana na gharama za maisha.

Kwa nini mgomo ulikuwa wa mji mzima, wala si wa kampuni moja? Maofisa wa serikali walielekea kuwalaumu wachochezi. Maelezo hayo yana upungufu wa wazi, kwa sababu wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wakigoma tangu kabla Kibachia hajajulikana. Wengine husema ni ugumu wa maisha, na hapa kuna ukweli, lakini shida ilikuwapo Nairobi pia na Nairobi haikusimama mwezi huo. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeichunguza bandari hiyo kwa kina, aliipa uzito kazi ya kibarua yenyewe, nami naona hapo ndipo penye kiini. Mtu aliyebeba magunia gatini leo na kahawa katika bohari kesho hakuwa mtu wa kampuni yoyote. Malalamiko yake yalikuwa ya mjini, kama kodi yake ilivyokuwa ya mjini.

Baada ya siku 12 Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwashawishi warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker lilitoa nyongeza kwa baadhi yao. Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa Kabarnet, akazuiliwa huko kwa takriban miaka kumi. Septemba wafanyakazi watatu waliuawa kwa risasi za polisi katika mgomo wa kiwanda cha nyama cha Uplands, na mwezi uo huo makuli wa Dar es Salaam nao waligoma, mgomo ukapanda bara kwa njia ya reli.

Serikali ilijifunza somo lake, na ilijifunza haraka. Iliwatenga watu wa bandari na wenzao: vibarua wakaandikishwa, idadi yao ikapunguzwa hatua kwa hatua, na waliobaki wakaongezewa ujira na uhakika wa kazi. James Patrick, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi kutoka Scotland, aliletwa kuwafundisha Waafrika kuunda vyama vya kazi moja moja, visivyogusa siasa. Wafanyakazi walikipokea chombo hicho, wakakitumia walivyotaka. Makuli walipogoma Machi 1955, wakati vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikwenda kujadiliana kwa niaba yao, na nyongeza iliyopatikana ilikuwa karibu theluthi ya ujira. Kilichopotea ni ule umoja wa Kiwanja cha Maskini: kuli akapata chama imara, mpishi akabaki peke yake.

Utengano huo umedumu kuliko ukoloni. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi hahesabiwi tena kuwa kibarua. Lakini sheria hiyo humfaa mwenye ushahidi wa siku zake na mtu wa kumsemea, na waajiri wengi wanajua kumsimamisha mtu kabla mwezi haujatimia au kumwajiri kupitia wakala. Dereva anayepata abiria kwa programu ya simu huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa hata kidogo.

Mei Mosi 2023, zaidi ya watu 150 walikutana Nairobi, wengi wao wakiwa wameajiriwa kupitia kampuni za kati ili kuchuja picha na maandishi ya kutisha kwa niaba ya mitandao mikubwa ya ng'ambo. Kazi zao zilikuwa za mikataba mifupi, na waajiri wao walikuwa tofauti. Wakapiga kura kuunda chama kimoja.