Kabla ya Kipenga

Uingereza, iliyouleta mpira Unguja, iliwafungia wanawake wake viwanja vya vilabu mwaka 1921. Marufuku hiyo ikadumu karibu nusu karne. Basi isisemwe kuwa kumzuilia mwanamke mpira ni tabia ya Waswahili peke yao.

Mwaka 1988 wanawake wa Unguja waliunda timu, wakaiita Women Fighters. Jina halikukosea, kwani mpinzani wao wa kwanza hakuvaa jezi: yalikuwa maneno ya majirani juu ya kaptura, hishima na ndoa. Wakacheza. Mwaka 2007 filamu ya Florence Ayisi, mzaliwa wa Kameruni, iliwaonyesha walimwengu. Mwaka 2010 Twiga Stars ilifika fainali za Afrika.

Msichana wa Mwanjelwa anayefunga leo kamba za viatu vyake anastahiki kusikia kipenga cha refa tu. Mbinja za kejeli walikwisha kupigiwa wenziwe.