Mali Ikiuzwa Hairudishwi?

Kabla hujakwenda mjini kununua nguo za Idd, hebu toa risiti yoyote iliyo mfukoni mwako uitazame chini kabisa. Aghalabu utakuta maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tumeyazoea hata hatuyasomi. Lakini maneno hayo yana historia ndefu, na watu wameshtakiana kwayo tangu enzi za masahaba hadi zama hizi za magari.

Mimi yalianza kunishughulisha kwa sababu ya mjomba wangu. Mwaka 2017 alinunua gari jipya, jipya kabisa, viti bado vina nailoni, si lile lililokwisha tumika Japani likaletwa na meli. Nusu ya pesa ilikuwa akiba yake ya miaka mingi, nusu ni deni. Mwezi haukwisha, gia ya tatu ikawa haikai, inaruka. Akalirudisha dukani, wakalishughulikia, akalichukua. Ikaruka tena. Mara ya nne akaambiwa eti waranti haihusiki manake kosa ni namna yake ya kuendesha, na karatasi aliyotia sahihi inasema duka halina dhamana nyingine yoyote. Bwana yule ameendesha malori tangu mimi sijazaliwa!

Nilipokuwa nikimsikiliza sebuleni kwake nilikumbuka darsa za fiqhi chuoni, ule mlango wa biashara ambao wengi wetu tuliupita tukisinzia.

Hadithi ya lundo la nafaka twaijua sote. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akatia mkono ndani ya chakula kilichorundikwa, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua, naye akaulizwa mbona hakukiweka juu kile kilichorowa, watu wakakiona. Hiyo huhubiriwa kila mwaka. Isiyohubiriwa sana ni kesi ya Abdullah bin Umar (R.A.), ambayo Imam Malik ameipokea katika Muwatta, nayo kwangu ndiyo hasa inayofanana na kisa cha mjomba.

Ibn Umar alimuuza mtumwa kwa dirham 800, akashurutisha kuwa hatadhamini kasoro. (Naam, zama zile watu waliuzwa. Na hapa Kenya utumwa haukufutwa kisheria ila mwaka 1907, kwa hivyo tusijifanye kushangaa.) Baadaye mnunuzi akarudi na malalamiko: huyu ana maradhi ambayo hukunitajia. Ibn Umar akajibu kwamba aliuza kwa sharti la kutodhamini. Wakaenda kwa Khalifa Uthman bin Affan (R.A.). Ukitazama, sharti lilikuwepo na mnunuzi hakulikana. Kama neno la mwisho lingekuwa la sharti, kesi ingeishia pale. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Mtumwa akapona, naye akamuuza tena kwa dirham 1,500. Mtu mcha Mungu kama yeye kukiogopa kiapo si dalili ya udanganyifu, na mimi sisomi hivyo. Ninachokiona ni swali la kadhi: si umeandika nini, bali ulikuwa ukijua nini.

Juu ya kisa hiki na mfano wake wanavyuoni wakajenga mlango mzima, khiyari ya ayb, yaani haki ya mnunuzi kuchagua kubaki na kitu au kukirudisha akigundua kasoro iliyokuwemo tangu kwa muuzaji. Neno lenyewe ayb ni kasoro, nasi Waswahili tumelichukua tukalifanya aibu. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji aliyeshurutisha kutodhamini huokoka kwa jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Sababu yake yapendeza. Mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na ni nadra asiwe na ila ya siri. Kitu kisicho na roho hakina udhuru huo. Mimi si mufti, lakini gari halili majani.

Sasa, mjomba hakuweza kwenda kwa Kadhi na hoja hiyo. Katiba yetu ya 2010 imewaachia Makadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Gari huamuliwa kwa sheria iliyotoka kwa Waingereza, na wao walianzia upande wa pili kabisa. Kanuni yao ya zamani ilikuwa mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Polepole mahakama zao zikailegeza, hata mwaka 1893 wakatunga sheria ya uuzaji wa bidhaa iliyosema kuwa kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa vitu hivyo sharti kiwe cha kuuzika na kifae kwa kazi iliyotajwa. Kenya ikapata yake kwa mfano huo mwaka 1931, ile Sura ya 31. Uzuri wake una tundu: sheria hiyo hiyo iliruhusu pande mbili kukubaliana vingine. Na tajiri mwenye kuandika mkataba, wewe unadhani atakubaliana nini?

Tundu hilo lilipasuka Marekani. Mei 1955, jimboni New Jersey, mtu mmoja alimnunulia mkewe gari jipya aina ya Plymouth, zawadi ya Siku ya Mama. Siku kumi baada ya kulipokea, tarehe 19 Mei, mke akiwa njiani kwa mwendo wa pole akasikia kishindo chini ya boneti, usukani ukazunguka mikononi mwake wenyewe, gari likakata kulia na kujibamiza ukutani. Lilikuwa limetembea maili 468 tu. Akaumia, na gari likawa si gari tena.

Wakafungua mashtaka, wakaonyeshwa karatasi. Nyuma ya fomu ya kununulia palikuwa na maandishi madogo madogo marefu kiasi cha inchi nane na nusu. Yalisema dhamana ni siku 90 au maili 4,000, lolote litakalotangulia. Kwamba kampuni itabadilisha sehemu mbovu tu, tena mwenye gari aipeleke kiwandani kwa nauli yake. Na kwamba hiyo ndiyo badala ya dhamana nyingine zote. Fikiria mtu yuko kitandani mwanaye mkewe kaumia, aambiwe apakie kipande cha usukani akipeleke kiwandani. Na wala asingeweza kwenda duka jingine akapata masharti bora, manake kampuni kubwa zote za magari zilikuwa katika chama kimoja zikitumia karatasi ile ile.

Mwaka 1960 Mahakama Kuu ya New Jersey ikatoa hukumu, iliyoandikwa na Jaji John Francis. Karatasi ikatupwa. Mahakama ilisema makubaliano ambayo mmoja hana la kuchagua hayawezi kumvua haki ya kupata gari lililo salama, na kwamba dhamana ya ubora inamfikia hata mke, ingawa si yeye aliyenunua. Kesi hiyo, Henningsen dhidi ya Bloomfield Motors, wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo. Mimi nilipoisoma nilimkumbuka Uthman. Zaidi ya miaka 1,300 iko katikati, na hapana anayejua kama jaji yule aliwahi kulisikia jina hilo.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Wamarekani gari jipya lisilokwisha ubovu huliita limau, na mwaka 1982 jimbo la Connecticut likatunga sheria ya malimau: gari likitengenezwa mara nne kwa kasoro ile ile, au likilala gereji siku 30 kwa jumla katika kipindi cha mwanzo, kampuni ibadilishe au irudishe pesa. Majimbo mengine yakafuata, hata yote 50 yakawa na sheria ya namna hiyo.

Lakini kuna jambo linaloangusha wengi, nalo ni wakati. Uingereza, Desemba 1984, mtu alinunua Nissan mpya. Mapema Januari, ikiwa na maili 140 hivi, injini ikakwama njiani. Tone la gundi ya kiwandani lilikuwa limeziba njia ya oili. Mahakama mwaka 1987 ikasema kweli gari halikuwa la kuuzika, ila wiki tatu zinatosha kulichunguza, haki ya kulirudisha imempita, alipwe fidia tu. Wengi waliona ni dhuluma, na tangu 2015 sheria yao inampa mnunuzi siku 30. Mashafii nao ni wakali hapo: ukishaijua kasoro, rudisha papo hapo, na ukiendelea kukitumia kitu umeridhika nacho.

Na kwetu? Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 imeliziba lile tundu la 1931. Muuzaji huhesabiwa kuwa amedhamini bidhaa ziwe za kiwango cha kuuzika, na sharti lolote linalojaribu kuiondoa dhamana hiyo ni batili, liwe kwenye mkataba au kwenye muhuri wa risiti.

Nilimsomea mjomba kifungu hicho siku moja baada ya futari. Akaweka kikombe chini, akanyamaza, kisha akaniuliza itabidi aonyeshe nini. Nikamwambia aanze na karatasi za zile mara nne alizolirudisha, zenye tarehe. Akaenda chumbani akakaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na moja tu, ya mara ya nne. Hizo nyingine tatu, alisema, walikuwa wakisalimiana na fundi na kumwachia ufunguo.